Kupima mwenyewe kasi ya kitu kinachoanguka: kwa nati, simu na timazi

Nazi ikikatika kwenye mnazi wenye kimo cha mita 15, aliye chini yake ana sekunde moja na robo tatu tu kabla haijatua. Inapofika ardhini inakwenda kilomita 60 na ushei kwa saa, kasi ya daladala iliyokolea mwendo. Hahitajiki mtu wa kupanda na saa ili kulijua hilo. Ni hesabu ya mistari miwili, na yote inasimama juu ya namba moja: kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde inayopita.

Vitabu vingi vya fizikia huiandika namba hiyo 9.81, na mitihani mingi huikata ikawa 10 ili mwanafunzi asihangaike. Watoto wetu huikariri hivyo hivyo, wakaijibia mtihani, wakaisahau. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu mbili. Kwanza, hii ni namba ambayo mtu anaweza kuipata mwenyewe, uani kwake, kwa uzi na nati za bolti. Pili, 9.81 si namba yetu. Ni ya Paris na London. Huku kwetu karibu na Ikweta, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Kampala, namba ni 9.78. Tofauti ni ndogo sana, lakini inapimika, na utakapomaliza mwongozo huu utakuwa na njia ya kuipima.

Kuna majaribio manne hapa, kuanzia la kusikiliza tu hadi la kupima kwa makini. Yafuate kwa mpangilio, kwa sababu kila moja linakuonyesha udhaifu ambao linalofuata limekuja kuuondoa.

Kwanza elewa kinachopimwa

Kitu kikiachwa kianguke bila kusukumwa, mwanzoni kasi yake ni sifuri. Sekunde moja baadaye kasi ni mita 9.78 kwa sekunde. Sekunde ya pili ikiisha ni 19.56, ya tatu 29.34. Kasi haisimami mahali pamoja. Inapanda kwa kiasi kile kile kila sekunde. Kiasi hicho cha kupanda ndicho kinachoitwa mchapuko, na hapa ni mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia.

Umbali ndio unaowachanganya wengi. Katika sekunde ya kwanza kitu hakishuki mita 9.78. Kilianza na sifuri, kikaishia na 9.78, kwa hiyo kwa wastani kilikwenda nusu yake: kimeshuka mita 4.89. Sekunde ya pili peke yake kinashuka mita 14.67, ya tatu 24.45. Gawanya kila moja kwa 4.89 uone kinachotokea: 1, kisha 3, kisha 5. Sekunde ya nne ingekuwa 7. Ni namba witiri zikifuatana, na aliyeligundua hilo ni Galileo Galilei wa Italia, aliyelichapisha mwaka 1638 akiwa mzee na kipofu. Shika mpangilio huu wa 1, 3, 5, 7. Utausikia kwa masikio yako katika jaribio la pili.

Kanuni utakazotumia ni hizi mbili:

Umbali (mita) = 4.89 × muda × muda
Kasi ya mwisho (mita kwa sekunde) = 9.78 × muda

Turudi kwenye nazi yetu. Mita 15 gawanya kwa 4.89 unapata 3.07, kipeuo chake cha pili ni 1.75, ndizo sekunde zenyewe. Zidisha 1.75 kwa 9.78 unapata mita 17.1 kwa sekunde. Zidisha tena kwa 3.6 ili upate kilomita kwa saa: karibu 62. Hewa huipunguza kidogo tu, kwa sababu nazi ni nzito kwa umbo lake. Embe kwenye tawi la mita 5 huchukua sekunde moja tu, na hutua kwa kilomita 36 hivi kwa saa. Nyundo iliyomponyoka fundi kwenye jukwaa la ujenzi lenye kimo cha mita 12 humfikia aliye chini ikiwa na kilomita 55 kwa saa, baada ya sekunde moja na nusu. Katika muda huo hata neno "angalia!" linaweza lisimfikie kichwani akalielewa. Kwa hiyo helmeti huvaliwa kabla ya kuingia eneo la ujenzi, si baada ya kusikia kelele.

Jaribio la kwanza: kizito na chepesi

Chukua jiwe la ukubwa wa ngumi na kokoto moja. Simama juu ya kiti imara, nyoosha mikono yote miwili kwa kimo sawa, kisha viache vyote kwa pamoja viangukie bati au beseni lililopinduliwa. Usitazame, sikiliza. Jicho hudanganyika upesi, lakini sikio hutenganisha milio miwili hata ikiwa karibu karibu sana. Rudia mara kumi. Mara nyingi utasikia mlio mmoja. Panapokuwa na miwili, utakuta mara nyingine jiwe limetangulia, mara nyingine kokoto. Tofauti hiyo ni ya vidole vyako kutoachia kwa pamoja.

Sasa tumia jiwe na karatasi ya daftari. Karatasi iliyo wazi itayumba na kuchelewa sana. Ifinyange iwe kama mpira, achia tena: itafika karibu pamoja na jiwe. Uzito wa karatasi haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni eneo linalokutana na hewa. Kisha chukua kitabu na kipande cha karatasi kidogo kuliko jalada lake, kilaze juu ya kitabu, uachie kitabu kikiwa bapa. Vitashuka pamoja hadi chini, karatasi ikiwa imelala pale pale, kwa sababu kitabu kimeifungulia njia.

Wanaosema kizito huanguka upesi zaidi hawasemi kwa ujinga. Maisha yote tumeona majani yakielea na mawe yakidondoka. Galileo aliwajibu kwa swali ambalo kila nikilirudia nalipenda zaidi. Tuseme kweli jiwe kubwa huanguka upesi kuliko dogo. Yafunge pamoja kwa kamba. Dogo litamvuta nyuma mwenzake, kwa hiyo yakiwa pamoja yatakwenda polepole kuliko kubwa peke yake. Lakini yakishafungwa yamekuwa mzigo mmoja, mzito kuliko hilo kubwa, kwa hiyo yanapaswa kwenda upesi zaidi. Jambo moja haliwezi kuwa polepole zaidi na upesi zaidi kwa wakati mmoja. Njia pekee ya kutoka hapo ni kukubali kwamba yote huanguka sawa.

Sababu yake ni kwamba kitu chenye tungamo mara kumi huvutwa na dunia mara kumi zaidi, lakini pia kukisogeza ni kugumu mara kumi. Mawili hayo hufutana kabisa. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa chombo Apollo 15 alisimama juu ya mwezi, ambako hakuna hewa, akaachia nyundo mkono mmoja na unyoya wa ndege mkono mwingine mbele ya kamera. Vilitua pamoja. Vilishuka kwa utulivu kuliko ambavyo vingeshuka hapa, kwa sababu namba ya mwezi ni 1.62, sehemu moja ya sita ya yetu.

Jaribio la pili: uzi wa nati

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji saa. Tafuta nati tano za bolti zinazolingana na uzi wenye urefu wa mita mbili hivi. Funga nati ya kwanza kwenye ncha ya uzi. Kutoka hapo pima kwa tepu ya fundi na ufunge nyingine kwenye sentimita 10, 40, 90 na 160. Pima zote kuanzia nati ya kwanza, usipime kutoka nati hadi nati. Ukitaka kuhakiki, nafasi kati yao zitakuwa 10, 30, 50 na 70. Umeshaziona: 1, 3, 5, 7.

Tandaza kipande cha bati au sinia la chuma sakafuni. Panda juu ya kiti, ushike ncha ya juu ya uzi ili uning'inie wima, nati ya kwanza ikigusa bati. Subiri uzi uache kuyumba. Achia.

Utasikia ta-ta-ta-ta, milio minne yenye nafasi sawa, kama mpigaji anayeshika mapigo. Nati zimekaa mbali mbali kwa umbali usiolingana, lakini zinatua kwa muda unaolingana, kwa sababu ya juu zaidi inafika ikiwa imeshapata kasi zaidi.

Ili sikio lipate la kulinganisha, tengeneza uzi wa pili wenye nati kila sentimita 40: 0, 40, 80, 120, 160. Achia. Mara hii milio inabanana kadiri inavyokwenda, kama gunia la viazi linalomwagika. Wape watoto wasikilize nyuzi zote mbili wakiwa wamefumba macho, wakuambie upi una nati zilizopangwa sawasawa. Wengi watataja ule usio sawa, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Ukiwa na simu unaweza kugeuza mlio huo kuwa namba. Rekodi sauti, kisha ifungue kwenye programu yoyote inayoonyesha sauti kama mchoro wenye vilele. Soma muda kati ya mlio wa kwanza na wa nne, ugawanye kwa 3. Ukipata karibu sekunde 0.143 umefanya vizuri. Mchapuko ni 0.2 (mara mbili ya mita 0.1 za nati ya pili) gawanya kwa muda huo uliozidishwa kwa wenyewe: 0.143 × 0.143 ni 0.02045, na 0.2 ÷ 0.02045 inakupa 9.78. Usitegemee kuipata sawasawa hivyo mara ya kwanza. Kosa la milisekunde tatu katika kusoma vilele linatosha kukupeleka 9.6 au 9.9.

Jaribio la tatu: video ya simu

Wengi hufikiria njia ya wazi kwanza: achia mpira kutoka mita 2, bonyeza saa, ukitua bonyeza tena. Ijaribu mara moja ili uone inavyoshindwa. Kutoka mita 2 kitu hushuka kwa sekunde 0.64, na kidole gumba huchelewa karibu sekunde 0.2 kuitikia jicho. Hata ucheleweshaji wa mwanzo na wa mwisho ukifutana kiasi, kosa la sekunde 0.1 linalobaki hufanya jibu lako lipotee kwa theluthi moja. Galileo alikabili tatizo hilo hilo bila saa ya maana. Badala ya kuangusha alivingirisha tufe la shaba kwenye mfereji wa ubao ulioinamishwa, ili mwendo uwe wa taratibu, akapima muda kwa kukusanya na kupima uzito wa maji yaliyotiririka. Kisa cha kuangusha vitu kutoka mnara wa Pisa kilisimuliwa na mwanafunzi wake Viviani; kazi ya ubao ulioinama ameieleza Galileo mwenyewe.

Wewe una simu. Bandika tepu ukutani wima, sifuri juu na mita 2 chini sakafuni. Weka simu juu ya meza au mrundo wa matofali, mita tatu hivi kutoka ukutani, isishikwe na mkono, na lenzi ya kamera yake iwe katikati ya kimo cha tepu. Chagua mwendo wa polepole. Simu nyingi huchukua picha 120 au 240 kwa sekunde badala ya 30 za kawaida. Hakikisha mwanga ni mwingi, ikiwezekana jua la nje, vinginevyo mpira utaonekana kama mkia wa ukungu. Mwenzako aushike mpira mdogo mgumu, sehemu yake ya chini ikiwa kwenye sifuri, aachie bila kuutupa.

Kisha pitia video picha moja moja. Tafuta picha ya mwisho ambayo mpira bado umetulia, na ile ya kwanza ambayo umegusa sakafu. Hesabu picha zilizo kati. Kwa picha 120 kwa sekunde, mita 2 huchukua picha 77 hivi. Muda ni 77 ÷ 120 = 0.642. Mchapuko ni mara mbili ya umbali gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe: 4 ÷ 0.412 = 9.7. Ukihesabu 76 badala ya 77 utapata 9.97. Yaani picha moja tu inakusogeza robo nzima. Kwa simu ya picha 30 kwa sekunde, ukihesabu 19 ni 9.97, ukihesabu 20 ni 9.0. Rudia mara tano na uchukue wastani wa hesabu za picha, si wa majibu.

Jambo moja la kuangalia: baadhi ya simu huhifadhi video ya polepole kana kwamba ni ya picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo muda unaosomeka chini ya video si muda halisi. Tegemea idadi ya picha.

Hewa inapoingilia

Kanuni zetu zinamfaa jiwe, nati na nazi kwa vimo vya kawaida. Hazimfai unyoya wala tone la mvua. Tone likianguka kutoka wingu la kilomita 2 bila hewa yoyote, lingetufikia likiwa na kilomita zaidi ya 700 kwa saa, na hakuna mche wa mahindi ambao ungebaki umesimama. Hewa huzuia kadiri kasi inavyopanda, mpaka kizuizi kinalingana na uzito wa tone. Kuanzia hapo kasi haiongezeki tena. Matone makubwa kabisa huishia kwenye mita 9 hivi kwa sekunde. Mwanadamu aliyeruka kutoka kwenye ndege akiwa amelala kifudifudi, kabla ya kufungua mwavuli, huishia kwenye kilomita 200 hivi kwa saa.

Kwa kazi ya nyumbani, ukitumia kitu kidogo, kigumu na kizito, chini ya mita 5 unaweza kuisahau hewa.

Kina cha kisima kwa jiwe moja

Kama kisima ni kirefu na huna kamba ya kutosha, hesabu hii inakusaidia. Tumia kokoto safi lililooshwa ikiwa ni maji ya kunywa, na usiegemee ukingo. Achia kokoto, usilitupe, ukianza saa papo hapo. Simamisha unaposikia maji. Sekunde 2 kwa kanuni ya kwanza ni mita 19.6. Lakini sauti nayo imetumia muda kupanda, kwa mwendo wa mita 345 hivi kwa sekunde katika joto letu, kwa hiyo kina halisi hadi kwenye maji ni karibu mita 18.5. Sekunde 3 zinatoa 44 kwenye karatasi, lakini kisimani ni karibu mita 40.6. Kadiri kisima kinavyokuwa kirefu ndivyo sauti inavyodai sehemu yake zaidi. Fanya mara tano, tupa jibu la juu kabisa na la chini kabisa, chukua wastani wa yaliyobaki.

Jaribio la nne: timazi

Sasa kazi ya makini. Timazi ya fundi muashi, ule uzi wenye chuma kizito anaoutumia kunyoosha ukuta, ndicho chombo bora cha kupimia mvutano wa dunia ambacho karibu kila mtaa unacho. Ukiivuta pembeni kidogo na kuiachia, inabembea kwa muda usiobadilika, na muda huo unategemea vitu viwili tu: urefu wa uzi na mchapuko tunaoutafuta. Uzito wa chuma hauhusiki. Kubembea ni kuanguka kunakorudiwa rudiwa, na hapo ndipo ilipo nguvu yake: badala ya kupima anguko moja la nusu sekunde, unapima mia kwa mkupuo mmoja.

Maandalizi ndiyo yanayoamua kila kitu, kwa hiyo usiyaharakishe. Uzi usiwe mshipi wa kuvulia, kwa sababu huo huvutika. Tumia uzi uliosokotwa usionyumbuka. Juu, usiufunge kwenye msumari, maana fundo litakuwa likijiviringisha na kubadili urefu. Ubane kati ya vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, ukipigilia au kufunga kwa kamba, kwenye boriti au fremu ya mlango isiyotikisika. Mahali uzi unapotokea kwenye mbao ndipo urefu unapoanzia. Ning'iniza uzito wako, uache kwa nusu saa ili uzi umalize kunyooka, ndipo upime: kutoka ukingo wa chini wa mbao hadi katikati ya uzito, si juu yake wala chini yake. Tufe dogo la chuma linafaa kuliko timazi ndefu iliyochongoka, kwa sababu katikati yake inajulikana. Lenga mita 1 kamili. Kosa la sentimita moja linapotosha jibu kwa asilimia 1, kwa hiyo jitahidi kufikia milimita.

Ivute pembeni sentimita 5 tu. Vitabu vingi huridhika na digrii 10, na kwa zoezi la darasani inatosha. Lakini ukivuta sentimita 15 kwenye uzi wa mita 1, muda wa bembea unarefuka kidogo, na jibu linashuka kwa karibu 0.03. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe kati ya 9.81 na 9.78! Mtu wa London anayebembeza sana angeweza kupata namba ya Tanga bila kujua kwa nini.

Iachie bila kuisukuma na iache ipite mara chache. Bembea moja kamili ni kwenda na kurudi. Weka alama ya chaki ukutani nyuma ya uzi unapokuwa wima, uanze na kumaliza kuhesabu timazi inapopita alama ikielekea upande ule ule. Watu wengi huhesabu inapofika mwisho wa pembeni, na huko ndiko inakotulia, kwa hiyo huwezi kujua ni lini hasa imefika. Katikati inapita kwa kasi na wakati wake ni dhahiri. Ukianza saa sema "sifuri", usiseme "moja". Anayeanza na moja hupoteza bembea nzima, na nimeona kosa hili likiharibu kazi nzuri kuliko jingine lolote.

Hesabu bembea 20 kwanza kama mazoezi. Tuseme umepata sekunde 40.2. Muda wa bembea moja ni 2.01. Mchapuko ni 39.48 (yaani pai mara pai mara 4) zidisha urefu kwa mita, gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe: 39.48 × 1 ÷ 4.04 = 9.77. Dole gumba likikosea sekunde 0.2, jibu linapotea kwa asilimia 1 hivi, kwa hiyo unachoweza kusema ni kwamba namba iko kati ya 9.67 na 9.87. Bado hujaitenganisha na ya London. Ongeza hadi bembea 300, dakika kumi na sekunde chache, ukiwa na mwenzako anayeweka alama karatasini kila bembea kumi. Kosa la sekunde 0.2 sasa linagawanyika kwa 300, na jibu lako halipotei zaidi ya 0.01 kwa upande wa saa.

Saa iliyochelewa Cayenne

Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alitumwa kutoka Paris kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, kuangalia nyota. Alichukua saa ya pendulamu, yaani inayohesabu wakati kwa uzito unaobembea kama timazi yetu, iliyorekebishwa vizuri Paris. Kule Cayenne ikawa inachelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku, na ili ishike wakati ilibidi afupishe pendulamu. Wapo waliodhani ni joto limerefusha chuma. Isaac Newton hakuridhika na jibu hilo, na mwaka 1687 alitumia vipimo vya Richer kuonyesha kwamba dunia si tufe kamili: imetuna kwenye Ikweta na kubonyea kwenye ncha.

Cayenne iko nyuzi 5 kaskazini mwa Ikweta. Tanga iko nyuzi 5 kusini. Kilichoipata saa ya Richer kingeipata vile vile Tanga, kwa sababu mbili. Sisi tulio karibu na Ikweta tuko mbali zaidi na kitovu cha dunia, kilomita 21 zaidi ya aliye kwenye ncha. Na dunia inatuzungusha kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, mwendo unaopunguza kidogo namna tunavyobanwa chini. Mzunguko huo huo ni msaada kwa roketi inayoelekea mashariki, na Waitalia walipotafuta mahali pa kurushia setilaiti zao walikuja baharini karibu na Malindi. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Kwenye ncha za dunia namba yetu hufika 9.83. Kimo nacho kinapunguza: namba ya Nairobi, iliyo juu ya mita 1,700, ni ndogo kidogo kuliko ya Mombasa, karibu 9.776.

Kwa hiyo kama una ndugu au rafiki ng'ambo, mfanye jaribio la nne siku moja. Mkubaliane urefu wa mita 1 hadi milimita, kuvuta sentimita 5, bembea 300. Wa Dar es Salaam atarajie sekunde 602.7 na wa Nairobi 602.9, hawa wawili hawatatenganishwa na dole gumba. Wa Muscat atapata karibu 602.5. Wa London atapata 601.8, na pengo hilo la sekunde 0.9 ni kubwa kuliko kosa la mkono uliozoea. Kila mmoja afanye mara tatu, apime uzi upya kila baada ya mara moja, na asimwambie mwenzake jibu mpaka wote wamemaliza.